Pima Kichwa, Usipime Nywele

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nje kabla sijavuka kizingiti. Nilikuwa nimetoka Maruku alfajiri, nimeoga, shati limepigwa pasi, na kichwani nimevaa kapelo niliyoazima kwa binamu yangu ili nionekane mtu wa mjini. Mwenye duka, ambaye Bukoba nzima tulimwita Alhaji, alinitazama juu mpaka chini, akaniambia nitoke, niivue, halafu niingie upya. Nilipoingia mara ya pili alinishika mkono hadi kwenye kioo. Kwenye paji la uso wangu palikuwa na mstari umebonyea kama mtu aliyefungwa kamba.

"Unauona huo?" akasema. "Kofia ikikuachia alama, si yako. Ni ya mtu mwingine, wewe umeibeba tu."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na elimu ya darasa la tano. Leo nina hamsini na nane, nina nyumba ya matofali ya kuchoma pale Kibeta, nimesomesha watoto wanne, na sikurithi hata kijiko. Wanaosema najisifu waje waione nyumba. Yote hayo yametoka kwenye kofia za wanaume, na tena si kofia za harusi wala za sikukuu. Ni kofia za kila siku, zile ambazo mtu anakwenda nazo shambani, sokoni, kanisani na msibani. Vijana wananiuliza kazi hii tuliifanyaje, basi nawaandikia.

Mwaka wa kwanza sikuuza kofia hata moja. Nilipiga mvuke. Kofia za feliti, yaani zile za sufu iliyoshindiliwa mpaka ikawa kama kitambaa kizito, zilifika kwetu ndani ya belo zimelala kama chapati. Unachemsha birika, unaishika kofia juu ya mdomo wa birika mpaka ilainike, halafu unaivuta juu ya kalibu. Kalibu ni kichwa cha mti kilichochongwa, na Alhaji alikuwa nazo za kila ukubwa, zimepangwa kwenye rafu kama watu wanaosubiri kunyolewa. Ukishaivuta unaifunga kamba pale ukingo unapoanzia, unaiacha ikauke kivulini. Ukiianika juani inasinyaa. Ukiikausha jikoni inanuka moshi, na mke wa mteja atakuja yeye mwenyewe kukurudishia. Vidole vyangu viliungua mpaka vikaacha kuungua.

Kujua kofia nzuri kulinichukua mwaka wa pili. Alhaji hakufundisha kwa maneno mengi. Babu yake alikuja na kofia za kiua, zile za kudarizi, kutoka pwani, na yeye aliamini mkono kuliko mdomo. Aliniwekea kofia mbili mezani, akaniambia nifumbe macho nizifinye. Ile ya feliti nzuri ilirudi yenyewe kama haikuguswa. Ile mbaya ilibaki na mkunjo. Akadondoshea maji: kwenye nzuri tone lilisimama kama shanga, kwenye mbaya likanywewa. Na sisi Bukoba tunaishi na mvua, kwa hiyo jaribio hilo halina mchezo. Kofia ya ukindu, ile ya majani ya kusuka, unaiinua kuelekea mwanga. Ukiona jua linapita sehemu moja zaidi ya nyingine, msukaji alichoka katikati. Halafu unaigeuza kofia ndani. Wanunuzi wengi wanatazama nje, fundi anatazama ndani, kwenye utepe wa jasho. Huo ni ule ukanda unaogusa kichwa. Ukiwa wa ngozi na umeshonwa kwa mkono, kofia itamzika mwenyewe. Ukiwa wa plastiki uliogundishwa, haimalizi msimu mmoja wa kahawa.

Lakini somo kubwa alilonipa lilikuwa moja, na ndilo lililokuja kunigharimu.

"Usimuulize mtu anataka kofia gani," aliniambia. "Atakutajia aliyoiona kwa jirani. Muulize inakwenda wapi."

Nililielewa vizuri aliponipeleka Kemondo, kwenye meza yetu karibu na bandari. Pale mtu anataka kofia yenye kamba ya kidevuni, maana upepo wa ziwa hauombi ruhusa. Nikamuuzia mkulima mmoja wa Maruku pama ya ukingo mpana kwa sababu aliipenda, akairudisha baada ya siku mbili amekasirika. Kila akiinama chini ya migomba, jani linaivua. Mkulima wa migomba anataka ukingo wa vidole vitatu, basi. Mtu wa mnadani, anayesimama juani kutwa, huyo mpe mpana. Baada ya Kemondo nilijiona nimehitimu. Na kweli nilikuwa nimehitimu. Hapakuwa na kijana mkoa mzima aliyeweza kukutazama mlangoni akajua namba ya kichwa chako. Mimi niliweza.

Nikiwa na miaka ishirini na minne nikahamishiwa Muleba, kwenye tawi dogo la Alhaji. Mkuu wangu pale tulimwita Msimamizi, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu mpole aliyefunga vifungo vyote vya koti hata wakati wa joto. Aliniachia wateja kwa sababu aliona siwezi kunyamazishwa.

Siku moja akaja mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Kamachumu, anaitwa Mutabuzi. Mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, nywele zimejaa kichwani kama kichaka. Alibeba pama ya kijivu iliyofungwa kwenye kanga. Ilikuwa ya baba yake, aliyefariki majuma machache nyuma. Katika ukoo wao, omusika, yaani mrithi, huvishwa kanzu ya baba, hushikishwa mkuki, na mwisho huvishwa kofia ya baba mbele ya watu wote. Marehemu alikuwa na kichwa kikubwa. Mutabuzi aliivaa nikaona inacheza kidogo tu.

Akaniambia taratibu kwamba ana baba mdogo, Ta Rwiza, ambaye toka msiba uanze anasema mwalimu wa chaki hawezi kushika kibanja cha kaka yake. Anasema migomba inataka mwanaume, na kwamba wazee wampe yeye akiangalie mpaka apatikane mtu. "Siku hiyo atakuwa ananitazama kutoka unyayoni mpaka utosini," Mutabuzi akasema. "Naomba tu nisionekane nimeazima."

Nikamwambia aende akalale, amefika kwa fundi. Nikapitisha futikamba kichwani kwake, nikafungua utepe wa jasho, nikaingiza chini yake ukanda mwembamba wa feliti, nikashona. Akaivaa, akatikisa kichwa, akainama, haikusogea. Hata Msimamizi alinisifu. Sikumuuliza kofia inakwenda wapi, maana nilidhani ameshaniambia.

Siku ya kumaliza matanga na mimi nilikwenda. Nisiseme uongo, nilikwenda na tenga la kofia, kwa kuwa penye ukoo mkubwa pana vichwa vingi. Nikakaa nyuma, karibu na zizi. Mwinjilisti alikuwa amemaliza sala, na wazee walikuwa wanapitisha kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Mlango wa nyumba ukafunguliwa, watoto wa marehemu wakatoka kwa mstari, Mutabuzi mbele.

Kichwa chake kilikuwa kinang'aa kama yai.

Nilisahau. Mimi, mtoto wa Kihaya niliyezaliwa Maruku, nilisahau kwamba watoto wa marehemu hawagusi nywele zao mpaka siku ya kunyoa, na siku ya kunyoa ndiyo hiyo hiyo ya kuvishwa. Nilipima kichaka, na kichaka sasa kilikuwa nyuma ya nyumba kwenye ungo. Nilitamani nikimbie nikamwahi, lakini kanzu ilikuwa imeshapita mabegani na mkuki uko mkononi. Mkuu wa ukoo, mzee aliyeshikwa mkono na wajukuu wawili, akaiinua pama akaiweka.

Ikashuka. Ikapita paji la uso, ikapita nyusi, ikakaa juu ya masikio. Mutabuzi alisimama na mkuki, haoni mbele.

Halafu Ta Rwiza akasema bila kupandisha sauti, ndiyo maana kila mtu alimsikia: "Waitu wazee, mimi sikusema kitu. Kofia ya kaka yangu imesema yenyewe."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, ni kicheko kile kinachomtoka mtu bila kupanga, lakini mwenye kuchekwa hana njia ya kuvitenganisha. Mutabuzi hakuigusa ile kofia. Wazee wawili wakaanza kunong'onezana, na mmoja nikamsikia anasema pengine jambo hili lisogezwe mbele, lisiharakishwe. Nilijua maana yake. Likisogezwa, halirudi.

Pale nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Nikinyamaza, hakuna anayejua ni mkono wangu. Nitauza tenga langu jioni, nitarudi Muleba. Nikisema, nimejitangaza mbele ya watu wote ambao miaka yote ijayo nitataka wanipe vichwa vyao.

Nikasimama. "Kasinge waitu," nikawasalimu kwa Kihaya. "Msimhukumu kwa kofia hiyo. Mimi ndiye fundi. Alikuja kwangu na nywele za msiba, nami nikapima nywele. Kosa ni langu."

Ta Rwiza akageuka. "Na wewe ndiye yule unayejiita bingwa wa Muleba?"

"Ndiye mimi."

"Bingwa hajui kwamba watu wananyolewa?"

Hapo walicheka zaidi, ila safari hii walinicheka mimi, na niseme kweli, nilifurahi kukiona kicheko kimehama. Mkuu wa ukoo hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: itachukua muda gani. Nikamwambia, mpaka kikapu cha kahawa kizunguke mara moja. Akasema, basi kizungushwe.

Sindano na uzi vilikuwa ndani ya utepe wa kofia yangu, fundi hatembei bila hivyo. Feliti sikuwa nayo, maana kwenye tenga nilibeba za ukindu tupu. Nikavua yangu. Ilikuwa ya kahawia, nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa, Alhaji alinipa nilipoondoka Kemondo. Nikaomba kisu, nikakata ukingo wake wote mzunguko mzima. Nikampima Mutabuzi pale pale kwa uzi, kichwa kitupu, na alikuwa bado amelowa jasho. Alinong'ona, "Usiharakishe, bwana." Yeye ndiye alikuwa ananituliza mimi. Nikaingiza ukanda wa kahawia chini ya utepe, juu ya ule wa kwanza, nikashona huku watu wananitazama vidole. Nilisikia kahawa ikitafunwa.

Mkuu wa ukoo akaiweka upya. Ikakaa vidole viwili juu ya nyusi, mahali pake hasa. Akamwambia Mutabuzi apige magoti asalimie ukoo. Akapiga magoti, akainama mpaka ukingo ukakaribia nyasi, kisha akainuka na kofia yake kichwani. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Ta Rwiza, akainama tena mbele yake, chini kabisa, akamwita baba. Yule mzee akamwekea punje mbili za kahawa kiganjani. Mambo yakaishia hapo.

Siku hiyo sikuuza hata kofia moja. Nilirudi Muleba kichwa wazi, na habari zilinitangulia. Alhaji alipanda gari kutoka Bukoba kuja kunisikiliza, Msimamizi amesimama pembeni anafunga kifungo ambacho kilishafungwa.

"Ulisema kosa ni la nani?" Alhaji akaniuliza.

"Langu."

"Hukusema la duka? Hukusema la huyo mwalimu, kwamba hakukueleza?"

"Hapana."

Akatazama ile kofia yangu isiyo na ukingo, imebaki kama bakuli. "Haya. Kapige mvuke," akasema, akaondoka. Miaka mingi baadaye, alipofunga duka, kalibu zote aliniachia mimi. Na majuma matatu baada ya matanga yale aliingia dukani Ta Rwiza mwenyewe. Alivua kofia yake ya zamani, akanionyesha kichwa. "Nipime," akasema. "Nimeshanyoa, usiogope."

Nilikuja kuwa na duka langu Muleba na jingine Bukoba, na kwa kofia nimevalisha watu kutoka Kemondo mpaka ng'ambo ya Kamachumu. Mwaka jana magoti yalinishinda, nikaacha. Sasa nakaa Kibeta napalilia migomba yangu, nimevaa ukingo wa vidole vitatu.

Wiki iliyopita alikuja kijana mmoja nyumbani, nywele zimejaa kichwani. Alinisalimu, ameshika kitu kimefungwa kwenye kanga. Sikuhitaji kuambiwa, ile sauti ya chini niliijua. Mwalimu Mutabuzi amefariki. Nikamshika mkono kijana nikamkalisha, ndipo nikaifungua ile pama ya kijivu. Nikageuza ndani, nikainua utepe wa jasho. Ukanda wangu wa kahawia ulikuwa pale, umefifia kwa jasho la mtu aliyeivaa kila siku shuleni na shambani, na mishono yangu ya haraka haijakatika hata mmoja.

Akaniuliza kama nitampima. Futikamba ilikuwa ukutani, sikuigusa.

"Kunyoa ni lini?" nikamuuliza.

"Jumamosi."

Nikaifunga kofia kwenye kanga yake, nikamrudishia. Nikamwambia awaambie wazee waniwekee kiti mbele, karibu na mlango, na mwenye wembe akimaliza aniite mimi kabla hajaitwa mtu mwingine. Sindano ninayo.