Baraza ya Duka la Vifungo

Nilikwenda Guangzhou, China, kusomea usanifu majengo, kwa ufadhili, kichwa kikiwa kimejaa Mji Mkongwe. Mtoto wa Unguja akiona nguzo na kivuli hudhani kafika kwao. Mitaa ya zamani ya Liwan, wilaya mojawapo ya mji huo, ina maduka ambayo ghorofa zake za juu zimetokeza hadi juu ya njia ya miguu, zikabebwa na nguzo, ili mteja asilowe mvua. Mwalimu wetu alipewa kazi ya kupima safu moja ya maduka hayo kabla ya ukarabati, akamgawia kila mwanafunzi duka lake.

Langu lilikuwa la mzee muuza vifungo na zipu, si mbali na Shisanhang, wanakonunua nguo wafanyabiashara wa kwetu. Mzee alikubali kuhama kwa ahadi moja: atarudishiwa duka kama lilivyokuwa. Na ushahidi wa lilivyokuwa ulikuwa michoro yetu.

Nilipima wiki nzima, asubuhi hadi alasiri, nikijiona fundi. Dari ya boriti, ngazi nyembamba, vigae vya sakafu vilivyopauka. Mbele duka lilikuwa wazi kwa upana wake wote, na hapo palikuwa na mawe mawili, juu yake zimelazwa mbao sita nene. Mzee alipanga trei zake za vifungo juu ya mbao, naye akakaa pembeni. Nikacheka peke yangu: kumbe na hawa wana baraza! Kwenye kizingiti cha juu na cha chini kulikuwa na mfereji wa kina cha vidole viwili. Nikaupima, nikaandika "pambo". Kwenye baraza nikaandika: "Mbao zimechakaa, ijengwe kwa jiwe." Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza, nilikuwa nimeshajua.

Ukarabati ulipokwisha tuliitwa tukaone. Duka liling'aa. Baraza ya jiwe, imesuguliwa ikalainika, ilikuwa imeziba sehemu kubwa ya mbele, na pembeni wameweka mlango mwembamba wa kioo. Mzee aliingia, akatoka, akapitisha kidole kwenye ule mfereji.

"Mbao zangu ziko wapi?"

"Laoban," nilimwambia, maana ndivyo wanavyoitwa wenye maduka huko, "zilikuwa zimechakaa. Tumekujengea baraza ya jiwe."

"Baraza gani? Zile ndizo mlango wangu. Nikifunga nazisimamisha humu kwenye mfereji, nikifungua nazilaza, nauzia juu yake. Nani aliyechora?"

Michoro haikuwa na majina, ilikuwa na namba tu. Mwalimu alitazama viatu vyake. Nikasema ni mimi, na aibu niliyoiona siku ile ninayo hadi leo.

"Wiki nzima ulikuwa hapa. Hukuniona nikifunga?"

"Tulikuwa tunaondoka alasiri."

Hakugomba. Bora angegomba. Alisema duka hili si lake, akamrudishia msimamizi wa ukarabati ufunguo, akaondoka akisukuma kigari chenye trei zake. Sijamwona tena.

Siku hizi pale wanauza chai ya barafu. Kina mama wa Kariakoo wakitoka Shisanhang na marobota yao hukaa kwenye ile baraza wapumzike. Juzi nilipita, mmoja akanikaribisha nikae, akaipigapiga kwa kiganja.

"Mwanangu, aliyefikiria kuweka hii, Mungu amzidishie."

Alinitazama, akingoja niitikie. Nikasema amina.