Mkono Ambao Mwalimu Cherehani Hakuuchagua

Wanafunzi walimwita Mwalimu Cherehani, na wala hakukasirika. Mguu wake wa kulia haukujua kutulia. Akikaa, unapiga sakafu tatata, tatata, kama anakanyaga cherehani; akisimama, anatembea. Darasani alianzia mlangoni, akapita katikati ya madawati, akafika dirishani, akarudi ubaoni kuandika tarakimu moja tu, kisha safari ikaanza upya. Mkewe, ambaye ni fundi wa nguo, alikuwa akisema nyumba yao ina cherehani mbili, ila inayoshona ni moja.

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Akiingia tu, tai inaning'inizwa kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, mikono ya shati inakunjwa, na baba mtu anaelekea kwenye sinki. Aliosha vyombo huku akifundisha. Alipasi sare za watoto huku akifundisha, na kuna kola ya binti yake iliyoungua kwa sababu alisahau anapiga pasi, akawa anaonyesha pembe kali kwa ile ncha. Binti alivaa kola hiyo muhula mzima, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba hiyo ni hesabu.

Alipougua akalazwa, wauguzi walimwambia atulie. Alitulia kote isipokuwa vidole vya mguu, vilivyoendelea kucheza chini ya shuka. Asubuhi moja mkewe alitazama lile shuka, akaona limetulia, akaenda kumwita muuguzi. Hakuhitaji kuambiwa.

Baadaye shule iliandaa siku ya kumkumbuka, Jumamosi, ukumbini. Mwalimu mkuu akaomba mtoto mmoja wa marehemu aseme machache. Kaka mtu, fundi wa majokofu, alisema yeye akishika kipaza sauti atalia mpaka umeme ukatike. Mama naye alitikisa kichwa. Basi macho yote yakamwangukia binti, yule wa kola, ambaye kwao wanamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa.

Kitinda alikubali. Halafu akaanza kuzunguka nyumba. Alipanga viti ambavyo havikuwa vimepangwa vibaya. Alifungua kabati, akasahau alichokuwa akitafuta, akalifunga. Si hofu ya watu iliyokuwa ikimsumbua. Ni kwamba kila mtu alikuwa akisema jambo lilelile, kwamba Mwalimu Cherehani alimwona kila mwanafunzi, hata yule anayejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Yeye alikaa katika darasa la baba yake la hesabu miaka miwili, akanyoosha mkono mpaka bega likawaka moto, na baba yake hakumchagua hata siku moja. Macho yalifika kwenye mkono wake, yakatua kama nzi, yakaruka.

Tena yaliruka karibu tu, kwa jirani yake wa dawati, msichana wa kuongea polepole waliyembandika jina la Kobe. Kobe alikuwa hajanyoosha kitu. Alisimama, akaangalia dari, akameza mate, akamwinamia Kitinda kunong'ona, na darasa zima likasubiri. Kitinda alimnong'oneza majibu huku roho inamuuma.

Aliwahi kumuuliza baba yake palepale kwenye sinki. Mzee alicheka, akampa sahani. "Kausha hiyo kwanza. Nitakuambia ukimaliza shule."

Sasa nani wa kumwambia?

Alimwendea mama, aliyekuwa na pini mdomoni. Mama alizitoa, akasema baba aliogopa midomo ya watu, wasije wakasema anambeba mwanawe. Kitinda akauliza, hata mara moja? Mama akazirudisha pini.

Akamwendea kaka, aliyekuwa amejikunja nyuma ya jokofu la mteja. Kaka alisema hata yeye hakuchaguliwa.

"Ulikuwa unanyoosha mkono?"

"Mimi? Ninyooshe ili iwe nini?"

Hapo hakukuwa na msaada.

Jumamosi ikafika, na bado hakuwa na la kusema. Kusema uongo mbele ya kipaza sauti hakutaka. Kusimama na kumwambia mama yake, mbele za watu, kwamba huenda baba alimwonea aibu mtoto wake, hilo nalo lingekuwa balaa. Aliingia ukumbini, akatoka. Akanywa maji, akaingia, akatoka tena. Mwisho miguu ikampeleka mpaka darasani kwao, akamkuta Kobe anahangaika na benchi la kupeleka ukumbini. Akashika upande wa pili, maana hakuwa na kazi nyingine ya kuipa mikono.

Njiani akamuuliza kama anatania tu: "Hivi wewe baba yangu ulimpa nini, kila siku wewe?"

Kobe akaweka benchi chini. Kwake kuongea na kubeba haviendi pamoja.

"Nilimwambia asinichague. Nilimfuata ofisini, nikamwambia nakwama, nakufa kwa aibu. Akasema sawa. Akasema atanichagua siku ambazo mkono wako uko juu tu. Nikikwama, nikuulize wewe. Akasema unaeleza vizuri kumshinda yeye, kwa sababu wewe unakaa pamoja na mtu, hutembeitembei."

Kitinda alisimama kama aliyemwagiwa maji.

"Hukuniambia."

"Nilidhani unajua. Ni babako."

"Na siku nisiponyoosha?"

Kobe akafikiri, kwa mwendo wake uleule. "Zile siku nilipumzika."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mama alikaa mbele, kaka nyuma kabisa karibu na mlango, tayari kukimbia. Kitinda alipoitwa, alishika kipaza sauti na maneno ya kwanza yaliyomtoka yakawa kwamba baba yake hakuwahi kumchagua. Mama akainua uso. Minong'ono ikapita kwenye viti. Akaendelea, akaeleza habari ya sinki, ya kola iliyoungua, ya macho yanayotua na kuruka, kisha akaeleza alichokisikia muda mfupi uliopita, kando ya benchi. Kobe, alipotazamwa na ukumbi mzima, aliangalia dari.

Kitinda hakujua amalizie wapi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeanza kupiga jukwaa, tatata, tatata, na mama akausikia, akafunika mdomo, hujui analia au anacheka. Basi akamalizia kama baba yake alivyomalizia kila kipindi.

"Nani ana swali?"

Kule nyuma mkono ukapanda. Ulikuwa wa kaka yake, fundi wa majokofu, ambaye miaka yote ya shule hakuwahi kunyoosha hata kidole. Alikuwa ameunyoosha wima kabisa, bega likimgusa sikio, machozi yakimtiririka bila aibu.

Kitinda aliuona vizuri. Macho yake yakatua pale, yakakaa kidogo.

Kisha yakaruka kwa mwanamume aliyeketi jirani na kaka yake, mgeni kabisa, ambaye mikono yake ilikuwa mapajani.

"Wewe hapo," akasema. "Ukikwama, muulize huyo."