Farasi wa Ziwani na Jirani Yetu Bi Morag

Enzi zetu, sisi tuliotolewa Unguja na wazee wetu baada ya Mapinduzi, wengi waliangukia Muscat, Dubai au hapa London. Sisi tuliangukia kijiji cha Uskoti, bonde lenye kondoo wengi kuliko watu, kwa kuwa baba alipata kazi ya kutoa dawa katika hospitali ndogo ya huko. Wasemao Kiswahili tulikuwa watatu tu: baba, mama na mimi, mtoto wa miaka minane.

Nakumbuka harufu ya ule udongo mweusi waliouchimba kinamasini, wakaukausha na kuuchoma kama kuni. Hata sweta zetu zilinuka moshi wake. Nakumbuka uji wa oti uliotiwa chumvi badala ya sukari, na mama akiuonja na kuuliza, "Huu wa mgonjwa au wa mfungwa?" Skuli tulikwenda kwa miguu, mvua ikitupiga ubavuni. Wanangu mimi, yakidondoka matone matatu, huita teksi kwa simu.

Baba alikuwa na kazi, mimi nilikuwa na skuli. Mama hakuwa na mtu. Kiingereza hakukijua, na majirani walimwitikia kwa kichwa tu. Kutwa alikaa dirishani akiutazama mlima, na nikirudi alinishika kwa maswali mpaka nikachoka naye. Hilo linaniuma hadi leo.

Jirani yetu Bi Morag alikuwa mjane, na ndiye wa mwisho pale bondeni kusema Kigaeli, lugha ya kale ya milima ile. Wote aliokuwa akiizungumza nao walishakufa. Sisi watoto alituhadithia kwa Kiingereza habari za farasi wa ziwani: mweupe, mpole, husimama ufukweni akingoja mtoto ampande. Ukimgusa, mkono unamganda, naye anazama nawe. Kesho yake huonekana ini lako tu, linaelea.

Nilipomsimulia mama, hakucheka. "Kumbe hata huku wapo," akasema. "Usende ziwani, Zuhura."

Nikaenda. Watoto wa skuli walisema hawatanichezesha mpaka nifike kule peke yangu na nirudi na jiwe la ufukweni, nami nilishachoka kukaa pembeni. Nilipoinama kuokota jiwe, ukungu ukashuka, hata viatu vyangu nisivione. Kisha nikasikia pumzi nzito ya mnyama, karibu kabisa. Sikujua maji yako upande gani. Sikuthubutu kuinua mguu.

Ndipo zikaja sauti mbili. Ya mama: "Zuhura! Simama hapo hapo, mwanangu, usimguse!" Na ya Bi Morag, akiita kwa Kigaeli maneno nisiyoyajua. Mmoja akinyamaza kuvuta pumzi, mwenzake anadaka. Nikapiga kelele, "Niko hapa!" Wakatokea wameshikana mikono, mama kajifunga kanga juu ya koti, maji yanamchuruzika usoni. Kumbe aliponiona nimechelewa kurudi, alimgongea Bi Morag akamwonyesha ziwa kwa kidole. Mnyama mwenyewe alikuwa farasi wa mkulima, katoroka zizini. Mama hakunipiga. Alikaa matopeni akalia, na Bi Morag akakaa naye.

Toka siku ile Bi Morag alikuja kwetu kila alasiri. Mama akisema Kiswahili, yeye Kigaeli, birika la chai katikati. Siku moja nilitaka kuwatafsiria kwa Kiingereza, mama akanikatiza: "Hebu tuwache. Tunaelewana."

Walikaa hivyo miaka minne. Bi Morag alipofariki, mama alijifungia chumbani siku nzima. Alipotoka alisema neno moja tu: "Nimebaki."

Wazee wangu wote wawili nimewazika hapa London, tulikohamia baadaye. Naishi Lewisham, ghorofa ya tatu. Wanangu wako Harrow na Croydon, pembe nyingine za jiji hili hili. Nikiwasemesha Kiswahili wananielewa vizuri, wananijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, huku wakitazama saa. Jirani wa mlango wa pili sijamjua jina mwaka wa kumi na moja huu. Sisi utotoni tulikuwa na vitu vya kutisha, lakini tulikuwa na watu wa kutuita kwa majina. Siku hizi simu yangu ikilia asubuhi, ni mashine ya hospitali inanikumbusha siku ya daktari. Naisikiliza mpaka mwisho, kisha nasema, "Ahsante."