Mipigo Minane ya Mama Nekesa

Sikwenda Jedda kutembea. Wanjala, rafiki yangu tangu kwaya ya parokia kule Bungoma, alinipigia simu kutoka huko, mimi nikiwa Riyadh, kuniambia mama yake angezikwa Ijumaa saa nane mchana. Yeye hangeweza kwenda. Kafili wake, yule mwajiri anayemdhamini, alikuwa nje ya nchi, na bila kafili hakuna karatasi ya kutoka.

"Angalau tumwimbie ile Kilatini yake," alisema. "Lakini bila besi haiendi."

Besi, ile sauti nzito ya chini, ni mimi.

Mama yake, Mama Nekesa, ndiye aliyetufundisha wimbo huo, moteti ya sauti nne isiyo na kinanda, iliyotungwa Ulaya zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Aliuandika ubaoni kwa solfa, do-re-mi tupu, tukaumeza kabla hatujajua maana ya neno hata moja. Alto, sauti ya pili ya wanawake, ilikuwa yake. Inaanza peke yake, mipigo minane, kisha wengine wanaingia. Zamu yako ikiwa bado, unahesabu kwa kidole pajani. Ukihesabu kwa mdomo, chaki inakujia.

Alhamisi alfajiri, Riyadh. Bosi ninayemwendesha aliposikia ni mazishi ya mama wa rafiki yangu alisema, "Yalla, nenda," akanipa na tende za njiani. Basi lilikata jangwa mchana kutwa nami nikiivumisha besi yangu puani, mpaka jirani yangu Mpakistani akanigusia shavu lake, akiuliza kama jino linaniuma.

Ijumaa, mtaa wa Sharafiya, Jedda. Wanjala, ambaye ni mlinzi mtaa wa Al-Rawdah, anapanga chumba juu ya duka la simu. Alinitilia chai, akaongea habari za joto. Siku tisa tangu msiba alikuwa hajatoa chozi, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

Soprano wetu wa kwaya ileile, Rosi, ni mfanyakazi wa ndani mtaa wa Al-Hamra. Madam alikuwa na wageni, ruhusa mafi, hakuna. Basi alijirekodi kwenye simu, chumba cha kufulia, akatutumia sauti yake.

Saa nane kamili. Saa ya Jedda na ya Bungoma ni ileile. Kule nyumbani jeneza lilikuwa linashushwa. Tulifunga dirisha, tukawasha kiyoyozi kitufiche sauti, maana huku nyimbo za kanisa haziimbwi hadharani. Tulikubaliana Wanjala aanze na alto ya mama yake, kisha arudi kwenye sauti yake mwenyewe, ya tena.

Nikabonyeza simu, rekodi ikaanza. Mashine ya kufulia ilinguruma, kisha Rosi akanong'ona: "Moja... mbili... tatu..."

Wanjala alifungua mdomo. Sauti haikutoka.

"Nne... tano..."

"Anahesabu kwa mdomo!" akasema. "Mama angemtwanga chaki, huyu!"

Akacheka, na kicheko chenyewe kikageuka kilio. Alilia kama mtoto, nami nikamshika bega. Rosi akafika nane, akaingia. Nikaingia nami. Katikati ya rekodi madam alisikika akiita, Rosi akajibu, "Naam, madam!" na kuidaka noti yake palepale. Mwishoni Wanjala alituunga kwa sauti yake ya tena iliyolowa machozi, tukamaliza watatu. Alto haikuimbwa na mtu.

"Halas, yamekwisha," akasema, akijipangusa uso. "Sasa nimemzika."

Jumamosi, basini kurudi Riyadh. Nilikuwa nimejiona mtu wa maana, besi wa kuokoa jahazi, kumbe Wanjala alichohitaji ni ile nafasi tupu ya mwanzo, na mtu wa kukaa naye humo. Nilitaka kuuimba tena wimbo. Nikafumba macho, nikahesabu kwanza mipigo minane ya Mama Nekesa, kwa kidole pajani, mdomo nimeufunga.