Siku Nilipofeli Leseni Mbele ya Mjomba wa Somoe

Jamani, chekeni tu, maana aibu yenyewe nimeshaimeza mbele ya nusu ya mji wa Newala, na hata leo nikitaka kufika sokoni huwa napita uchochoroni.

Nina kibanda cha gemu nyuma ya stendi: TV, mabenchi, na feni inayozunguka inapojisikia. Vijana wanakuja, wanacheza, wanataniana, wanaondoka, maisha yanakwenda. Tatizo lilikuwa Mjomba. Si mjomba wangu, ni wa Somoe, mchumba wangu, na kwetu huku mnajua wenyewe, baba mtu anaweza kukupenda mpaka akakuchinjia kuku, lakini mjomba akisema hapana basi ni hapana. Mzee huyu, mkulima wa korosho kule Mnyambe, alikuwa ameshasema mpwa wake haolewi na mtu asiye na kazi anayechezesha watoto.

Sasa kulikuwa na gemu mpya ya mashindano ya magari tunaisubiri. Tumeisubiri miaka, kila mwaka wanasema inakuja, kila mwaka wanaahirisha, na mimi kila mwaka nawaambia wateja wangu hiyo ikija mtasahau kula. Ilipotoka nikaona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha Mjomba kwamba kazi ninayo. Nikatangaza mtaa mzima: Jumamosi mchana, Newala na Masasi, mimi na Dadi (mtani wangu, ana kibanda kama changu kule Masasi, na mdomo wake hauna breki), tunakimbizana kwenye skrini moja. Mjomba nikamwalika awe mgeni rasmi.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Gemu ilikuwa tayari tangu Alhamisi, na mtu mwenye akili timamu angeifungua akaijaribu. Mimi nikasema hapana, huyu ni mwali, haonekani mpaka siku ya kutolewa (wazo langu mwenyewe, sikushauriwa na mtu). Nikaifunika TV kwa kanga za Somoe, nikaleta na wapiga ngoma kabisa, na kila aliyeomba kuchungulia nikamfukuza.

Jumamosi watu wakajaa mpaka madirishani. Mjomba nikamweka mbele, kwenye kiti chenye mikono.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuone hiyo kazi."

Ngoma zikalia, akina mama wakapiga vigelegele, nikaivua TV kanga, nikampa Dadi pedi moja ya kuchezea na mimi nikashika yangu. Nikatafuta mahali pa kuchezea watu wawili. Hakuna. Nikarudi mwanzo, nikatafuta tena, hakuna. Kumbe waliotengeneza waliamua kila mtu acheze peke yake nyumbani kwake na mwenzake nyumbani kwake, wakutane kwenye intaneti! Miaka yote ile wameweka mpaka matone ya mvua kwenye kioo, wameweka vumbi la tairi, halafu wakasahau kwamba binadamu ana rafiki anayekaa naye benchi moja. Roho iliniuma sana.

Nikasema si neno, nitakimbia peke yangu wageni waone. Nako hakukimbiliki. Dada mmoja akatokea kwenye skrini akaongea Kiingereza kirefu, ukibonyeza kumruka harukwi, kisha nikapewa kigari kidogo na kuambiwa kabla ya mashindano yoyote lazima nipate leseni: niende polepole, nipite katikati ya koni, nisimame kwenye mstari. Nikagonga koni. Maandishi mekundu yakajaa skrini nzima kwamba nimefeli, na yule dada akaanza hotuba yake upya. Nikarudia, nikapitiliza mstari. Nimefeli. Jasho linanitoka, na Dadi keshapanda juu ya benchi anatangaza kama yuko redioni:

"Newala anakata kona, Newala anamfuata koni, koni wa watu amesimama zake hana kosa... kamgonga!"

Watu hoi. Na wale wapiga ngoma, niliowaleta mwenyewe, kila nikifeli wanapiga.

Mjomba hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Aliinua mkono, ngoma zikanyamaza.

"Mwanangu, wewe si ndiye unayempakia mpwa wangu kwenye pikipiki mpaka Mnyambe?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Leseni ya kweli unayo?"

Ningeweza kudanganya, lakini Somoe alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia, na yeye anajua.

"Sina, Mjomba."

Akainuka taratibu. "Watu nimewaona, wamejaa. Kazi unayo, sina neno tena. Lakini hiyo gemu yako unayoinunia ina akili kuliko wewe, imekataa kukupa gari kabla hujafunzwa. Na mimi nakataa hivyo hivyo. Somoe hapandi pikipiki yako, wala posa yako siijibu, mpaka uniletee leseni mkononi."

Basi ndiyo nasoma udereva Masasi, na juzi nimegonga koni, ya kweli. Nimeapa kitu kipya chochote nitakijaribu kwanza peke yangu, mlango nimeufunga, kabla sijamtangazia hata paka. Somoe akitaka kwenda kwao namwitia bodaboda, jamaa mmoja ana leseni, ana kofia mbili ngumu, na anatabasamu kuliko kazi yake inavyohitaji, na mimi nabaki stendi nawapungia mkono.