Zamu ya Viti Vilivyobaki

Kanisani kwetu hakuna mchungaji. Viti vya plastiki hupangwa duara, na kila Jumapili mwenye zamu husimama akaeleza jambo moja linalomsumbua katika imani yake, hata kama ni kumshuku Mungu. Hakuna anayemjibu wala kumrekebisha. Akimaliza, wengine husema, "Tumesikia," kisha tunaimba. Wiki inayofuata zamu huhamia kiti cha kulia.

Nilipofika Guangzhou, China, kumfanyia kazi shangazi, kukagua nguo za soko la jumla la Shisanhang kabla hazijafungwa marobota, viti vilijaa chumba kizima. Chumba chenyewe kiko ghorofa ya tatu, mtaa wa Dengfeng, juu ya duka la simu. Mimi huona haya kusema mbele za watu. Shule niliishia darasa la nane, na pale kulikuwa na wasomi wa vyuo vikuu. Kwa hiyo nilijifunza hila. Nilichelewa dakika chache, nikaangalia nani amesimama, nikakaa upande ambao zamu ilikuwa imeshapita. Mwaka mzima sikusema neno, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nililipenda kanisa lile kwa ajili hiyo.

Kisha watu wakaanza kupungua. Wafanyabiashara waliagiza mizigo kwa simu, hawakuja tena. Wanafunzi walimaliza masomo. Wengine walihamia kanisa kubwa upande wa Liuhua, lenye kinanda na vipaza sauti, ambako watu hutabiriwa viza na ndoa. Mmoja wao alinikuta ngazini akanicheka. "Bado uko kwenye kanisa la maswali? Sisi wenzako tunapewa majibu, dada." Hata nyumbani Kenya matawi yetu yalikuwa yakifungwa. Tulitumiwa picha ya moja lililogeuzwa duka la magodoro.

Kila kiti kilichoondolewa kiliisogeza zamu yangu karibu. Tulibaki watatu: mimi, mwanafunzi Mtanzania aliyekuwa akisomea udaktari wa uhandisi, na mama mmoja wa Nairobi anayenunua viatu vya kupeleka kuuza kwao, ambaye sote tulimwita Mama. Shangazi aliposafiri nikaugua peke yangu, Mama ndiye aliyeniletea uji, asubuhi tisa mfululizo.

Katika viti vitatu hakuna upande wa kujificha. Zamu ilinirudia kila wiki ya tatu. Nilisema maneno machache nikaketi, nguo imelowa jasho mgongoni. Kazini, ghalani kwa shangazi, niliweza kushika shati moja muda mrefu nikiwaza zamu, bila kuona kifungo kilichokosekana. Mwisho niliamua kwenda kanisa kubwa, nikae nyuma, nisionekane. Niliandika karatasi. Ilinichukua siku sita, kwa sababu naandika polepole: "Sitaki kuja tena. Naogopa zamu. Naomba mniachilie."

Jumapili hiyo, kabla sijasimama, mwanafunzi alikohoa.

"Mama, nimepata tikiti. Ijumaa naondoka."

"Hata wewe, Daktari?"

"Ufadhili umekwisha, Mama. Nikae nile nini?" Akaangalia viti, akapunga mkono kama wauzaji wa sokoni wanapokufukuza kwa kusema hawana mzigo. "Waumini? Meiyou! Hakuna!"

Tulicheka wote watatu. Kicheko kilikatika ghafla.

"Haya, mwanangu," Mama akaniambia. "Zamu yako."

Sikuwa na kitu kingine ila ile karatasi, na bila karatasi siwezi kusema. Nikaisoma yote. Nilipomaliza nilitamani Mama anikemee, aniite mtovu wa shukrani, anikumbushe uji. Ningekasirika, na kwa hasira ningeshuka zile ngazi moja kwa moja. Lakini desturi ni ile ile.

"Tumesikia," walisema.

Tukaimba. Mama alikichukua kiti cha mwanafunzi akakipachika juu ya vingine nyuma ya mlango. Changu hakukigusa.

Jumapili iliyofuata nilivaa nikatoka kwenda kanisa kubwa. Kuna njia mbili, na mimi nilipita ya Dengfeng. Nilisimama mbele ya duka la simu nikatega sikio. Zamu ilikuwa ya Mama, na sauti yake si ndogo, husikika hadi barabarani. Sikusikia kitu. Nikapanda.

Nilimkuta amesimama, ameshika mgongo wa kiti, mdomo umefungwa. Saa yetu ya kuanza ilikuwa imepita zamani.

"Umechelewa," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Niliketi, naye akaanza. Alisema hajui tena kama Mungu anamsikia mtu aliye peke yake. Nilipaswa kumsikiliza, lakini nilikuwa nikihesabu viti kama zamani. Yeye, mimi. Yeye, mimi.

Alipomaliza alinitazama, akangoja.

"Tumesikia," nikasema.