Siku Mishkaki Yangu Ilipotaka Kijiko

Mwaka ule Muscat nzima iliacha kula kuku. Yalikuja hayo mafua ya ndege, televisheni kutwa inaonesha kuku wanatiwa kwenye mifuko, basi hata yai watu walilitazama kwa jicho baya, na kila nyumba ikarudi kwenye ng'ombe na mbuzi. Huo ndio mwaka nilioaibika, mie, mwanamke niliyezaa, nikazika mume, nikahama Unguja na masufuria yangu kichwani, na sijapata kuchekwa kwa chakula changu hata siku moja. Mpaka leo nikikumbuka nnajifunika uso kwa mtandio, na huku nimo jikoni peke yangu, hakuna anayeniona.

Mie sikusoma. Chuo cha Qur-ani nilifika, basi. Lakini mishkaki naijua (wenzangu husema mtu asijisifu, sasa mie nimngoje nani anisifu, najisifu mwenyewe). Tulikuwa tunachoma uani kwetu, mie na binti yangu Zuwena, aliyeachwa na mumewe na watoto juu, na watu wa magereji ya mtaa wa Ghala wakitoka kazini wanapita kula, na kuku walipokimbiwa, wateja wakajaa mpaka mlangoni kwa jirani, gari zinapiga honi, jirani ananuna. Zuwena akaona hii ndiyo riziki. Akaacha kazi yake kiwandani Rusayl, akakodi kiduka kule kule Ghala, akapachika kibao kikubwa chekundu: MISHKAKI YA BIBI. Bibi ndio mie.

Duka lilikuwa bado halijachangamka alipokuja na khabari ya mashindano ya kuchoma nyama, upande wa Bustan, uwanjani karibu na bahari.

"Mama, atakayeshinda anapewa pahala pa kuchoma pale pale, kila Alkhamisi jioni, msimu mzima wa baridi. Watalii wanakuja, wakubwa wanakuja. Tukipapata pale, duka la Ghala linasimama. Tukipakosa, wallahi mama, sijui ntawaambia nini watoto."

"Tupakose kwa nini? Kuna mtu Muscat hii anachoma kunishinda mie?"

(Mtu mwenye mdomo kama huo kitu gani kisimfike?)

Sasa nikwambieni mambo yangu. Nyama yangu naitia viungo peke yangu. Nnafunga mlango, napiga bismillahi, natia tangawizi, thomu, ndimu na pilipili manga, na papai bichi la kusaga, maana papai ndilo linaloilainisha nyama ngumu, kisha nnafunika beseni kwa kitambaa cheupe isionwe na mwenye jicho. Sisemi nimetia nini wala kiasi gani, na haulizi mtu. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Hata Zuwena niliyemtoa tumboni mwangu alijua papai limo, lakini saa ya kulitia hakuwahi kuiona. Siku ya mashindano nikasaga papai, nikatia nusu, nusu nikaiacha kwenye bakuli juu ya meza kwa nyama ya kesho, nikaenda kusali adhuhuri. Nilikusudia tuchome baada ya laasiri. Papai linataka hivyo, lipewe muda wake, lisizidishiwe.

Tukafika uwanjani, mahema meupe, meza zimepangwa, kila mpishi na jiko lake. Jirani yetu wa meza alikuwa Neema, Mtanzania wa bara anayepika kwenye nyumba ya watu Qurum, kamlaza mbuzi mzima juu ya wavu, anampaka mafuta kama mtoto mchanga.

"Shikamoo bibi! Leo tutaonana hapa."

"Marahaba mwanangu. Utaniona mgongo, maana mie ntakuwa mbele."

Akacheka mpaka akaegemea meza. Nikampenda, na nikataka kumshinda.

Basi tukangoja mgeni rasmi. Laasiri ikapita, mgeni hajaja. Ikasemwa yuko njiani. Jua likazama, tukasali magharibi juu ya majani, mgeni yuko njiani. Na sharti la mashindano ni kutunga nyama kwenye sindano mbele ya majaji, kwa hiyo beseni langu limefunikwa vile vile na kitambaa chake, na mie nimekaa kitini kama bibi harusi, nawapungia watu mkono. Alipofika huyo mgeni, yakapigwa makofi, tukaambiwa washeni.

Nikatia mkono ndani ya beseni. Sijui nisemeje. Nyama ukiishika inatakiwa ikuzuie kidogo, ikwambie mie nyama. Ile ilinipokea tu, ikapita baina ya vidole vyangu kama unga wa maandazi uliozidi maji.

Zuwena akaniona uso. "Mama, vipi?"

"Hamna kitu. Moto utaikaza."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ningesema, jamani, nyama yangu imeharibika, nimejitoa, ningerudi nyumbani na heshima yangu. Watu wangesema maskini, bahati mbaya. Lakini kibao chekundu kiko Ghala kina jina langu, Zuwena kavaa nguo mpya, na Neema ananitazama. Basi nikazitunga zile sindano za chuma kwa kuikamua nyama kwa kiganja, nikazipanga juu ya makaa, nikashika upepeo.

Moto haukuikaza. Ya kwanza ikateleza ikaanguka katikati ya makaa. Ikafuata ya pili. Kisha zote kwa pamoja, kama zimepewa amri, nimebaki na sindano tupu zinang'aa, na chini kunatoka moshi na harufu ya kuungua ambayo hata paka angeikimbia.

Jaji mkuu akaja, mpishi Mwarabu wa Sham mwenye kofia ndefu na koti jeupe pe, akainama. Akaniuliza kwa Kiarabu, kwa adabu kabisa:

"Hajja, hii nini?"

"Kababu."

"Hapa pameandikwa mishkaki."

"Ndiyo. Kababu ya mishkaki."

(Nimesema hivyo. Mungu shahidi, nimesema hivyo.)

Akachota kidogo kilichobaki kwenye wavu kwa ncha ya kisu, akatia mdomoni, akatafuta pa kutemea. Na nyuma ya kamba walikuwepo watu wetu wa Unguja tele, kuna mmoja, simjui ni nani na heri nisimjue, akapaza sauti: "Bi mkubwa, tugaieni vijiko!"

Uwanja ukaangua kicheko. Nikasikia vizuri wanacheka kina nani: watoto wa shoga zangu, wake wa watu niliowapikia harusi. Masikio yakaziba. Mafuta yaliyoanguka yakalipuka, moto ukanyanyuka mpaka usawa wa kifua, na mie kwa kuchanganyikiwa nikachukua ndoo nzima ya maji nikaimwaga juu ya makaa. Mtoto mdogo anajua hilo halifanywi. Jivu likaruka kama limetupwa kwa koleo, likamvaa jaji koti lote, likaenda kutua kwa jirani.

"Bibi jamani!" Neema akapiga ukelele. "Mbuzi wangu umempaka poda!"

Na mtangazaji, Mungu amsamehe, akashika kipaza sauti akawaomba watu wasogee mbali na jiko la "Mishkaki ya Bibi", akalitaja jina taratibu, asikose mtu kulisikia.

Nikamtafuta Zuwena kwa macho. Alikuwa amepiga magoti na nguo yake mpya kwenye tope la jivu, anaokota sindano, anazifuta mojamoja, anazipanga, kama vile kuna nyama nyingine inakuja.

Tulirudi kwa gari, Zuwena anaendesha, mpaka tumekaribia nyumbani. Hapo ndipo akaniambia, macho yake yako barabarani:

"Mama, ulisahau papai. Nililikuta kwenye bakuli ulipokuwa unasali, nikakutilia. Sikutaka kukwambia umesahau, nikaona ntakuvunjia heshima."

Nikatazama mikono yangu.

"Sikusahau," nikasema.

Akaendesha. Na mie nilitaka anipigie kelele, aniambie mama siri zako hizi zimeniua, lakini Zuwena sikumlea hivyo, na siku ile nikajuta kwamba sikumlea hivyo.

Duka halikufa siku moja. Watu walikuja, lakini wakija kwanza wanauliza, "Vijiko vipo?" wanacheka, wengine wananunua, wengine wameridhika na kicheko. Wakaniita Bibi Uji, mpaka msikitini. Kisha watu wakasahau mafua, wakarudi kwenye kuku, na Zuwena akakiteremsha kibao mwenyewe, akarudi kiwandani Rusayl kufunga biskuti, basi linamchukua alfajiri na watoto wamelala. Nyama mie bado natia viungo, nikitia nnamwita aje atazame, naye yuko kazini.

Msimu wa baridi uliofuata wale watu wa mashindano wakapiga simu nyumbani, wanasema wanatukaribisha tena, hawana kinyongo. Zuwena alipokea yeye. Akaziba simu kwa kiganja, akaniangalia, na nikaiona ile sura, ya siku aliyoniletea khabari mara ya kwanza.

"Mama, sasa tunajua kosa lilikuwa wapi. Safari hii tutatia pamoja. Wanangoja jibu."

Nikamwambia: "Moto wangu mie siuwashi tena mbele ya watu."

"Mama, kwa ajili yangu. Mara moja tu."

Mara hiyo moja ndiyo aliyopata kuniomba kitu waziwazi maishani mwake, na mie nikageuka ukutani nisimuone.

"Moto wangu mie siuwashi tena mbele ya watu."